Mama Bamvua na Faili la Mwisho

Leo, Ijumaa, tarehe 30 Juni, Mama Bamvua anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo cha fukwe cha mamlaka yetu ya mazingira. Kumi na minne kati ya hiyo nimekaa naye meza jirani, na naomba niseme ukweli: amenichosha.

Jina hilo tulimpa sisi. Bamvua ni yale maji makubwa yanayojaa mara mbili kwa mwezi, na mama huyu hatii saini kibali cha kujenga ufukweni mpaka ayaone yakijaa mahali penyewe. Ramani haziamini. Picha ndiyo kabisa. Mwombaji aje na faili limekamilika, ataambiwa arudi baada ya bamvua, na maneno makali tunayameza sisi majirani wa meza. Wakurugenzi wanne wamemgombeza. Wote wamehamishwa, yeye yupo.

Hata sherehe hii tuliipangia banda la ufukweni. Alikuja na futi kamba, akapima, akatutangazia kwamba banda limeingia ndani ya mita sitini za kutoka majini zilizokatazwa kujengwa. Ndiyo maana, wageni wetu, mmekaa kwenye maegesho ya magari. Keki ikiyeyuka, msimlaumu mwokaji.

Mwezi uliopita alinikabidhi funguo za droo yake. Nilitarajia miwani na peremende. Nikakuta nakala ya kibali cha mwaka wake wa pili kazini: ukuta wa hoteli, saini yake, tarehe. Nikaangalia jedwali la maji. Siku ile yalikuwa maji mafu, yasiyofika hata nusu ya ufukwe. Alikuta pakavu, akasaini.

Nilipomuuliza, alinieleza kwamba ukuta uliiokoa hoteli na mawimbi yakahamia kwa jirani. Haikupita miaka mitatu, nyumba ya mkunga ikazolewa, jiko na vyumba vyote. Mkunga huyo ndiye aliyemzalisha Mama Bamvua mtoto wake wa kwanza. Alisema hayo, akaenda kuchemsha chai. Mimi nilibaki pale na aibu ya miaka kumi na minne ya kunung'unika.

Sasa, Mama, lile faili lako la mwisho. Nalo ni la ukuta, na jirani yake ni shule ya chekechea. Mkurugenzi alitaka ulisaini kabla hujaondoka, ukagoma kama kawaida yako, akalihamishia mezani kwangu na karatasi iliyoandikwa: leo. Bamvua ni Jumatatu, saa kumi na dakika kumi jioni.

Sijasaini. Nimechukua buti zako za mpira chini ya meza. Zinanibana vidole, lakini nitazivaa hivyo hivyo.

Ahsante kwa kutuchosha. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu wasumbufu kama wewe. Na Jumatatu, tafadhali sana, baki nyumbani. Tutakwenda kuyaona wenyewe.