Migomba Saba ya Mjomba

Bwana apewe sifa, nanyi mniwie radhi nikianza kwa kujisifu. Mimi si mtu wa kushangaa. Nimeona ziwa likimeza mtumbwi na watu sita mchana kweupe. Nimeona tajiri wa juzi akiomba chumvi kwa jirani leo. Hapa Bukoba ukiniletea habari, nilikuwa nakujibu kwamba niliijua zamani. Hivyo ndivyo nilivyoishi mpaka mwaka jana, mvua za masika zilipoanza.

Ndugu zangu, jina langu la ubatizo ni Deusi, lakini wengi mnanijua kwa jina la Nduli. Vijana hamjui lilikotoka. Nduli ndivyo nchi nzima ilivyomwita yule dikteta wa ng'ambo aliyetuletea vita vya Kagera. Aliwatesa watu wake kwanza, halafu akaja kwetu. Mama yangu, Leokadia, na kaka yake Audax walikuwa wamekwenda kumsaidia shangazi yao kuchuma kahawa upande wa pili wa mto, askari wakaingia. Mjomba Audax alirudi kijijini kwetu Ngenge peke yake, akasema dada yake amempotea katika ile fujo. Wakamlilia mama kama marehemu. Ikapita miezi, mama akarudi kwa miguu yake, ana mimba yangu. Mimi ni mtoto wa askari ambaye mama hajawahi kunitajia hata sura yake.

Tulilala jikoni kwa mjomba. Shuleni mwalimu akiita Deusi, darasa zima linaitikia, "Nduli yupo." Mjomba hakunipiga hata siku moja, na afadhali angenipiga. Hakunitazama. Wageni wakija, kibakuli cha kahawa ya kutafuna kinapita mkono kwa mkono, na kikikaribia kwangu anakipitisha kwa anayefuata, kama pale nilipokaa hakuna mtu. Nilipokuwa darasa la tatu alimwambia mama, mgongo ameugeuza, "Mpeleke kwao."

Kwetu wapi, ndugu zangu?

Mama akanichukua, tukapanga chumba Hamugembe, akawa anawalimia watu migomba. Shule nikaiacha. Nikaenda visiwani Muleba, nikabeba dagaa wa wenzangu kichwani mpaka nikabeba wangu. Leo nina maduka mawili Rwamishenye na malori mawili, na waliosoma wananiomba mkopo. Lile jina walilonitukania nikalipaka rangi nyekundu ubavuni mwa lori, herufi kubwa: NDULI. Watu wakacheka, mimi nikapata wateja.

Lakini mwite mtu jina miaka arobaini, ataliishi. Mfanyakazi wangu akiugua, nilimkata siku. Mmoja aliangusha magunia yakalowa, nikamvua viatu, nikamwambia atembee pekupeku mpaka atakapolipa. Mvua ilikuwa inanyesha. Sikumhurumia. Nilisikia raha kidogo, niseme kweli kwa kuwa niko mbele za Mungu.

Na jambo moja nilikuwa nimeliweka moyoni: kibanja cha mjomba, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba yake. Dalali aliniambia kwamba mwana wa mjomba anakiuza kisirisiri, na mzee ametia dole gumba akidhani ni mkopo wa matibabu. Nikakinunua, na dalali akalificha jina langu. Sikukitaka kibanja. Nilitaka nifyeke migomba yote mzee akiona, kisha nimwambie neno lile lile, nenda kwenu. Sisi Wahaya tunajua: kumfyekea mtu migomba iliyo hai ni kumwambia kwamba yeye na baba zake hawakuwahi kuwapo. Mama sikumwambia.

Tulifika asubuhi, mimi na vibarua wanne, na lile lori. Mjomba alikuwa ameketi mlangoni anachonga mpini wa jembe. Amezeeka, amekuwa mdogo. Hakunitambua. Nikashika panga mwenyewe, nikaangusha mgomba wa kwanza, na wa pili. Vibarua wakafuata. Kibarua mmoja, Kamugisha, mtu wa utani, akamwambia, "Mzee, kunja mkeka. Mwenye mali kaja, na leo hana habari na ndizi."

Mgomba wa saba ulipoanguka, mzee akasimama. Akasoma lile neno ubavuni mwa lori. Akaliangalia panga langu. Nilingoja anitukane, nilikuwa na majibu ya miaka yote tayari mdomoni. Badala yake akapiga magoti kwenye majani yaliyoanguka, akainua mikono juu.

"Leokadia, wamerudi," akasema. "Safari hii sikimbii. Nichukueni mimi, waitu, nawasihi. Dada yangu mwacheni."

Vibarua wakashusha mapanga. Kamugisha akaninong'oneza, "Bosi, huyu anaongea na nani?"

Alikuwa anaongea na mimi. Ndugu zangu, tangu utoto nilikuwa namtafuta yule askari asiye na sura. Siku ile nilimwona. Alikuwa amesimama Ngenge mchana, katika kibanja cha mjomba, na mkono wake ndio huu ninaoandikia.

Sikuona malaika, wala sikusikia sauti. Nililiachia panga, nikapiga magoti mbele yake. Kusali sikujua, kanisani nilikuwa naenda kwenye harusi tu. Nikasema, "Mungu, nitoe humu." Basi, maneno hayo matatu. Na kitu nilichokuwa nimekibeba kifuani tangu darasa la tatu kikaondoka, nikabaki mwepesi mpaka nikaogopa.

"Mjomba, ni Deusi," nikamwambia.

"Deusi wa Leokadia?"

"Ndiye mimi."

Akanitazama, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Akasema, "Mama yako hakunipotea. Nilimwacha. Alianguka njiani, nikakimbia, nyumbani nikadanganya. Ulipozaliwa, kila nikikutazama nasikia miguu yangu inakimbia. Haikuwa wewe, mwanangu."

Niliporudi Rwamishenye nikamweleza mama yote, na ubaya wangu wote. Nilidhani atalia. Akaendelea kuchambua mchele.

"Mimi ndiye niliyemwambia akimbie," akasema. "Mguu wangu ulikuwa umeteguka. Nikamwambia, Audax, nenda, mmoja wetu afike kwa mama. Yeye anakumbuka kukimbia tu. Hakumbuki kwamba alitumwa."

"Mbona hukumwambia miaka yote?"

"Kila nikianza, alitoka nje. Halafu akatufukuza, na mimi nikakasirika."

Hapo ndipo mimi, mjuaji wa Bukoba, nilipokaa chini sakafuni. Yule mtawala alifukuzwa kwake zamani, akafa ugenini, na bado alikuwa anatawala nyumba moja Ngenge na lori moja Rwamishenye. Mizinga ilimtoa nchini mwetu, lakini kwetu sisi watatu haikufika. Mungu alifika. Mpaka leo nikifikiri juu ya jambo hili, mwili unanisisimka.

Kibanja nimekiandikisha kwa mjomba mbele ya wazee wa ukoo, na migomba tumepanda mingine. Mama alikataa kupanda lori langu. Alisema hawezi kufika kwa kaka yake ndani ya neno lile. Akapanda hiace mpaka Muleba, kisha bodaboda. Wakaketi mlangoni, wazee wawili. Mama akaanza kusema, na mjomba hakuinuka.

Basi, wewe uliyepewa jina kwa chuki ukalifanya lako, mkabidhi Yesu jina hilo kabla hujashika panga. Anayo nguvu, mimi ni shahidi. Wachungaji wanatufundisha kwamba wokovu ni bure, nami nasema amina. Ukaidi wangu ndio uliokuwa na bei. Kununua kibanja, dalali, vibarua, kuandikisha upya, machipukizi saba ya migomba na nauli ya mama, jumla ni shilingi milioni kumi na moja, laki nne, elfu themanini na nane na mia tano.