Historia ya Kengele na Glavu za Wodi ya Wazazi

Ndugu, majirani, na ninyi wageni mliotoka hospitali, mimi ni mjomba wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, nami nitayasoma yote, ingawa asubuhi hii katibu wa hospitali ameninong'oneza kwamba maneno "aliugua kwa muda mfupi" yangetosha.

Mpwa wangu, mliyemwita Kengele kwa ile sauti yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1989, mtoto wa tatu wa dada yangu, katika nyumba iliyo nyuma ya soko. Alianza shule ya msingi mwaka 1996, akamaliza sekondari mwaka 2006, akiwa ameadhibiwa mara nyingi kwa ubishi na mara chache sana kwa kukosea. Mwaka 2008 aliajiriwa kukata tiketi kituo cha mabasi, ambako hata abiria wa mwisho kwenye foleni alimsikia bila kipaza sauti. Tarehe 20 Juni 2015 alifunga ndoa na fundi wa makochi, mtu mpole, wakajaliwa binti, na tarehe 3 mwezi huu, kwa upasuaji, mtoto wa kiume, ambaye yu hai na mnamsikia wenyewe.

Upasuaji ulikwenda vizuri, hilo nakiri. Kesho yake daktari bingwa alipita na glavu zake, akafunua kidonda cha mama wa kitanda cha kwanza, kilichokuwa tayari kinatoa usaha, akaenda cha pili, cha tatu, glavu zile zile, na alipofika cha nne, alikolala Kengele, mpwa wangu alimwomba kwa adabu azibadilishe, akajibiwa kwamba glavu ni kinga, na kweli zilikuwa kinga, ya daktari.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Kengele hakuficha, alitangaza wodi nzima kwamba kidonda chake kinanuka, muuguzi akamwambia aache kudeka, si yeye wa kwanza kuzaa. Kisha homa ikampata wa kitanda cha tano, akafuata wa sita, kwa mpangilio ule ule aliopita bwana mkubwa. Tarehe 16, saa nne asubuhi, vijidudu vikiwa vimeenea kwenye damu, mpwa wangu alifariki.

Salamu za hospitali zinasema kazi ya Mungu haina makosa. Haina, sisi tunazungumzia ya kwenu. Wifi wa marehemu, yule aliyekaa pale mbele, atajifungua mwezi ujao katika wodi hiyo hiyo, maana wodi nyingine hatuna, ndiyo sababu sikukubali kunyamaza.

Tunamshukuru jirani anayemnyonyesha mtoto pamoja na wa kwake, na wakata tiketi wenzake waliofunga madirisha leo ili waje. Kuhusu madaktari, desturi inataka niwashukuru, nami namshukuru daktari bingwa kwa kufika mwenyewe, tumemkaribisha chai, na kabla ya kugusa mkate ameomba maji na sabuni, akanawa mpaka viwiko, akasuuza, akanawa tena.

Daktari, tumefurahi kuona kwamba unajua.

Na wewe, mwanangu, pumzika kwa amani.