Mama Foleni na Fomu ya Mama Yake

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Aliye na kazi mkononi aendelee nayo, ila masikio anipe mimi. Leo tunamkumbuka mwanamke ambaye wengi wenu mlimjua kwa simu yake ya Alhamisi. Alikuwa mkurugenzi mtendaji wa lile shirika la huduma za jamii linalopeleka wahudumu majumbani, kwa wazee na wagonjwa wasiojiweza. Ametutoka Jumatano ya wiki iliyopita, saa nne asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Miaka ishirini na miwili kati ya hiyo aliitoa kwa shirika hilo.

Kazini walimwita Mama Foleni. Nitawaambia kwa nini.

Habari hizi nimezipata kwa mdogo wake wa kike, ambaye ni fundi cherehani. Walizaliwa wawili tu, tumbo moja. Nilikaa naye dukani kwake, nguo za watu zikining'inia juu ya vichwa vyetu, na kabla sijafungua kinywa akanionya. "Usimpambe," akasema. "Mwenyewe hakupenda kupambwa." Basi mimi simpambi.

Mama yao alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli kuanzia asubuhi hadi jioni. Dada alimzidi mdogo wake miaka saba, kwa hiyo yeye ndiye aliyembeba mgongoni mama akiwa kazini. Fundi anasema utotoni aliijua shingo ya dada yake kuliko uso wake, maana ndiyo aliyokuwa anaiona kutwa. Akacheka alipokuwa ananiambia hivyo, kisha akaanza kutafuta mkasi uliokuwa mbele yake.

Sasa tuje kwenye hiyo foleni. Watu wengi hudhani ukurugenzi ni kiti cha kuzunguka na chai ya kuletewa. Wapi! Shirika lilikuwa na wahudumu thelathini. Waliohitaji kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani walikuwa zaidi ya mia tatu. Hesabu hiyo haikubali hata ukiibembeleza. Kwa hiyo kulikuwa na orodha ya kusubiri, na mwenye kulinda orodha hiyo alikuwa yeye. Kila Alhamisi mchana alifunga mlango wa ofisi, akawapigia simu mwenyewe wote waliokosa nafasi wiki hiyo. Hakumtuma katibu. Alisema, "Anayekataa ndiye aseme kwamba amekataa." Wengine walimtukana. Alisubiri wamalize, akawaambia wako nambari ngapi, akawatakia mchana mwema.

Hakuna aliyeruka foleni yake. Siku moja mwenyekiti wa bodi, bosi wa bosi, alikuja na jina la mjomba wake kwenye kikaratasi. Mkurugenzi alikisoma, akamrudishia kwa mikono miwili. "Mzee wangu, foleni haina mjomba," akamwambia. Hata kwenye birika la chai alipanga mstari nyuma ya mfagiaji. Ndiyo maana ya Mama Foleni.

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hapo. Foleni haikuwa na mjomba. Sasa likaja la mama mzazi.

Mama yao alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, na maneno yakabaki matatu au manne. Alihitaji mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili. Dada mtu akafanya kama mwananchi mwingine yeyote. Alichukua fomu dirishani, akaijaza, kisha akajitoa kabisa katika uamuzi. Maafisa wake walikuja kumwona mgonjwa na kumpa alama, yeye hakugusa. Mama akawekwa nambari hamsini na mbili.

Hamsini na mbili! Fundi aliposikia alidhani amesikia vibaya. Lakini alimjua dada yake. Akafunga duka. Cherehani akaifunika kwa shuka, akahamia kwa mama. Aliogesha, akalisha, akageuza. Mgongo ukamwuma mpaka akawa anavaa viatu akiwa ameketi sakafuni. Wateja wakahamia kwa mafundi wengine. Dada alikuja kila Jumapili, na sabuni na mashuka, akakaa mpaka jioni, kisha akarudi kwa watu wake mia tatu. Miezi kumi na minne ilikwenda hivyo. Mama alifariki akiwa nambari ya nne.

Baada ya maziko, fundi alikwenda ofisini kurudisha kiti cha magurudumu walichokuwa wameazimwa. Afisa akamfungulia faili atie sahihi. Ndani ya faili ilikuwamo ile fomu. Palikuwa na swali: "Je, nyumbani kuna ndugu anayeweza kumhudumia mgonjwa?" Na jibu, kwa mwandiko ambao fundi angeutambua hata gizani: "Ndiyo. Mdogo wangu. Ni hodari."

Jibu hilo, wasikilizaji, ndilo lililomshusha mama. Asiye na ndugu alitangulia, mwenye ndugu alisubiri. Kanuni ilikuwa hiyo, na ilikuwa ya haki. Angeandika hapana, mama angekuwa nambari kumi au kumi na moja.

Fundi aliingia ofisini kwa dada yake na fomu mkononi bila kubisha hodi.

"Hii umeandika wewe?"

"Mimi."

"Uliniuliza?"

"Mdogo wangu, ilikuwa kweli. Ulikuwepo. Ningeandika nini, uongo?"

"Kweli ilikuwa kweli. Nakuuliza, uliniuliza?"

Fundi akaiweka fomu mezani, akatoka. Hawakusemezana miaka sita.

Sifichi, mimi niliposimuliwa nilimkasirikia marehemu. Kumtendea haki kila mtu, kisha umsahau aliyelala chumba kimoja na wewe! Lakini fundi alinikatiza. "Usimseme," akaniambia. "Mimi ndiye ninayeweza kumsema. Wewe humjui."

Miaka sita. Duka likafunguliwa tena, wateja wakarudi mmoja mmoja. Dada alipita mara tatu, akasimama mlangoni na kitambaa cha kushona. Mara zote tatu fundi alimwambia kazi zimejaa. Mumewe dada alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mtoto hakujaliwa. Kisha mwaka huu jirani akaja dukani, akasema, "Dada yako anaumwa, na si ugonjwa wa kupona."

Alikwenda. Aliniambia hakuwa ameamua kitu, alikwenda tu, na mfuko wenye kanga mbili na sabuni. Alipofika alimkuta afisa wa shirika ameketi kando ya kitanda, anajaza fomu. Naam, Mama Foleni alikuwa ameomba huduma kama mtu mwingine yeyote. Fundi alisimama ukumbini akasikia swali likisomwa.

"Je, nyumbani kuna ndugu anayeweza kukuhudumia?"

"Hapana," dada akasema. "Andika hapana. Sina mtu."

Fundi akaingia. "Andika ndiyo," akasema.

Afisa akawatazama wote wawili, kalamu hewani. Kisha akamgeukia fundi. "Samahani, mama. Kanuni inanitaka nikuulize wewe mwenyewe, mgonjwa hawezi kukujibia. Je, unaweza? Je, umekubali bila kulazimishwa? Na wewe ukichoka, nani atakupokea?"

"Maswali haya yametoka wapi? Zamani hayakuwapo."

"Aliyaongeza mkurugenzi. Ni mwaka wa sita sasa. Ile wiki tuliyorudishiwa kiti cha magurudumu."

Fundi akamtazama dada yake. Dada alikuwa amegeukia ukutani.

"Basi andika ndiyo," fundi akasema. "Na uandike kwamba ninachoka."

Wakapewa nambari sitini na moja. Naibu wa mkurugenzi alitaka kuipandisha, mgonjwa akakataa kata kata. Lakini wafanyakazi nao ni watu. Kila jioni baada ya kazi alikuja mmoja, leo mhudumu, kesho dereva, keshokutwa katibu, ili fundi apate kulala saa mbili tatu. Mkurugenzi akawa anawafokea kwa sauti iliyobaki, "Mnaruka foleni nyie!" Dereva akamjibu, "Sisi wageni, mama. Tangu lini mgeni akapanga foleni?" Fundi anasema siku hiyo walicheka wote, dada akacheka mpaka akashikwa na kikohozi.

Wiki kumi na moja. Katika wiki hizo kumi na moja dada alijaribu mara mbili kusema. Mara ya kwanza alikuwa anaogeshwa. Akasema, "Mdogo wangu, ile fomu ya mama..." Fundi akamwambia, "Nyanyua mkono." Mara ya pili alikuwa analishwa uji. Akasema, "Nilikukosea. Nilikuhesabu kama..." Fundi akamjazia kijiko kingine.

"Si kwamba nilikuwa bado nina kinyongo," aliniambia. "Kinyongo kiliisha siku ile mlangoni, nilipomwona alivyokonda. Nilikuwa naona haya. Nikasema moyoni, mikono yangu si inamwambia? Namwogesha, namgeuza, namkata kucha. Mtu ambaye hujamsamehe unamkata kucha? Nikadhani anajua. Nikadhani na siku zipo."

Jumatano asubuhi fundi alitoka nje kuanika mashuka. Yalikuwa mawili. Aliporudi, dada alikuwa amekwisha kukata roho. Kitanda kilikuwa bado na joto.

Tunatoa pole kwa fundi, aliyebaki peke yake katika tumbo lile. Pole kwa wahudumu, madereva, katibu na mfagiaji. Pole kwa bodi, ambayo sasa inatafuta mtu wa kulinda orodha ile, na Mungu awasaidie. Pole kwenu mliozoea ile simu, hata nyinyi mliomtukana. Mwenyezi Mungu ampumzishe mahali pema.

Nilipokuwa naondoka dukani nilimwomba fundi ruhusa. Nilimwambia, niruhusu niseme hewani, kwa niaba yako, kwamba umemsamehe. Alizima cherehani. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akasema, "Hapana, mwanangu. Hata wewe usinisemee. Neno hilo lilikuwa la mdomo wangu, na sikulisema."

Kwa hiyo silisemi. Nazima kipaza sauti sasa, wasikilizaji wapendwa, dakika tano kabla ya wakati. Kama kuna mtu unayemhudumia kwa mikono na hujamwambia kwa mdomo, dakika tano hizi nimekupa wewe. Nenda chumbani kwake.