Madam Munyiva na Wimbo wa Kumi

Kwa heshima na taadhima, na baada ya mashauriano marefu yaliyofanyika jikoni, wafanyakazi wa Studio ya Mwangwi, Muthangari, wanautangazia umma kwamba kuanzia Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, kiti chenye mto wa manjano katika chumba cha kurekodia kitakuwa wazi. Maombi ya kukirithi yamekwisha kufika manne. Mawili ni ya mwandishi huyu.

Mwenye kiti ni Bi. Munyiva Kiilu, fundi wetu mkuu wa sauti, anayestaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Aliajiriwa mwaka 1992 kupokea simu. Mwezi wake wa tatu kazini fundi wa zamani hakutokea, na kwaya nzima kutoka Machakos ilikuwa imesimama kwenye korido na majoho yake, ikitoka jasho. Munyiva akaweka mkono wa simu chini, akaingia ndani, akabonyeza alichoona wenzake wakibonyeza. Kwaya ile hurudi kwake mpaka leo, na simu, nadhani, bado inalia.

Tangu hapo amerekodi injili, benga, mahubiri na matangazo ya sabuni yasiyohesabika. Amewafundisha kazi vijana wengi ambao sasa wana studio zao Westlands na hujifanya hawamjui mpaka mitambo iwagomee. Ana mazoea mawili ambayo tumemtania nayo miaka yote. La kwanza, huanza kurekodi pale mlango unapofunguka, kabla wanamuziki hawajaketi, hivyo diski zetu zimejaa kikohozi na maneno ya watu wanaotafuta chaja. La pili, huzipa faili majina ya chakula cha mchana. Ukitaka wimbo wa harusi uliorekodiwa Aprili, ni lazima ukumbuke kama siku hiyo tulikula omena au chapati na maharagwe.

Wateja wake wa kudumu kuliko wote ni Mabati, bendi ya panki iliyoanzia katika gereji moja ya Kitisuru mwaka 1997, ikadumu humo wiki mbili, mpaka majirani walipoita polisi. Madam hakuwahi kuupenda muziki wao. Alisema ni sauti ya watu wanaoanguka ngazini wakiwa wamebeba sufuria. Lakini albamu zao zote tatu alizirekodi yeye, na jina lake liko nyuma ya kila jalada.

Juni mwaka huu walirudi kurekodi ya nne, baada ya miaka kumi na minne ya kimya. Wameiita *Tumezeeka Vibaya*. Mwimbaji wao, Ochola, mwalimu wa hisabati siku za kawaida, alikuwa na vinundu kooni, na daktari alikuwa amempangia upasuaji Jumatatu ya tarehe tisa. Hakuna aliyemwahidi kwamba sauti ya kupiga kelele ingerudi. Kwa hiyo walikuwa na siku sita, nyimbo kumi na koo moja. Kila wimbo aliuimba mara moja tu. Tuliosimama nje ya kioo tulikuwa tunameza mate kwa niaba yake. Wimbo wa kumi aliumaliza Jumamosi alasiri, akavua hedifoni, akatoka nje. Madam alibaki ametulia na mikono magotini. Sikuwa nimewahi kumwona ametulia.

Jumatatu asubuhi, Ochola akiwa tayari amelazwa, sauti ile ya wimbo wa kumi haikuwepo. Haikuwepo kwenye diski wala kwenye nakala ya akiba.

Shiko, meneja wetu, aliuliza nani. Madam alijibu, "Chumba ni changu. Andika jina langu." Shiko akaliandika. Katika faili ya ofisi imesomeka hivyo tangu siku hiyo: uzembe wa Bi. M. Kiilu.

Hakukaa kulia. Alijifungia siku nne. Kwenye rekodi za Jumatatu ya kwanza, siku ya mazoezi, alimpata Ochola akiwa ameketi juu ya amplifaya na kikombe cha maji ya tangawizi, akimwonyesha mpiga ngoma, Kibe, jinsi wimbo wa kumi unavyokwenda. Haimbi; ananong'ona karibu wote. Katikati anakatiza.

"We Kibe, hapa ndio unangoja. Usikimbie."

"Nangoja nini, mzee? Pensheni?"

Halafu kicheko, halafu wimbo unaendelea. Madam aliuacha vilevile, akaupangia ngoma na gitaa kuzunguka mnong'ono ule.

Tarehe 27 Juni Ochola alikuja kusikiliza. Alikuwa amekatazwa kuongea, kwa hiyo alitembea na daftari la hesabu la mistari ya mraba. Madam alimweleza kwamba sauti ya Jumamosi imepotea na kosa ni lake, kabla hajabonyeza kitu. Ochola alisikiliza nyimbo tisa bila kuinua kichwa. Wa kumi ulipofika kwenye pensheni alisimama. Alipekua daftari, akaandika kwa herufi kubwa, akalibandika daftari kwenye kioo ili tusome sote: TOENI JINA LAKE.

Madam alisoma, akaitikia kwa kichwa, akamwuliza kama angependa chai. Jina likatolewa kwenye jalada la albamu. Kwa fundi aliyebakiza miezi mitano, na asiye na cheti chochote isipokuwa majalada yake, hilo ndilo pekee alilokuwa nalo la kupoteza.

Albamu ilitoka tarehe nane Agosti, nakala mia tatu za diski na nyingine mtandaoni. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kipigo. Mashabiki wa zamani, watu wenye vitambi na watoto chuoni, waliandika kwamba Mabati imegeuka Umoja wa Akina Mama. Mhakiki mmoja alisema nyimbo tisa ni nzuri na ya kumi ni mtu anayetafuta miwani yake gizani. Shiko alichapisha maoni hayo, akayaacha mezani kwa Madam. Tulikuwa tukipita mlangoni pake kwa kunyata.

Kisha mtangazaji mmoja wa redio akaucheza wimbo wa kumi asubuhi, akasahau kuukatiza mpaka ukaisha, akaurudia. Watu wakaanza kutumiana. Septemba, kwenye ukumbi mmoja wa Westlands, Ochola alipanda jukwaani na sauti ya mtu aliyetoka usingizini. Alipofika pale pa kukatiza, watu mia tano walimjibu kabla ya Kibe: "Nangoja nini, mzee? Pensheni?" Ochola aligeukia ngoma na kukaa hivyo muda mrefu, mgongo kwetu. Madam hakuwepo. Hakuwa amealikwa.

Redioni baadaye walimwuliza ni nani aliyerekodi wimbo ule. Ochola alinyamaza, kimya ambacho safari hii daktari hakukiagiza.

Hapa wasifu wa mstaafu hufika kwenye shukrani, na tunazitoa kwa moyo wote. Lakini kuna jambo halijaandikwa sawasawa, na mimi ndiye nilipaswa kuliandika.

Jumapili ile ya tarehe nane Juni nilikuwa zamu. Shiko alikuwa amelalamika kwamba diski zimejaa kikohozi, nami nikataka kuonekana mchapa kazi. Sikumwuliza Madam kwa sababu nilijua angekataa. Niliazimia kufuta mazoezi ya Jumatatu, faili iitwayo Githeri. Sikukumbuka kwamba Jumamosi pia tulikula githeri. Nilifuta ya Jumamosi. Kisha, kwa bidii ambayo sijawahi kuionyesha mahali pengine popote, nikafuta na ya akiba.

Jumatatu asubuhi nilimwambia Madam peke yake, kabla Shiko hajafika. Nilikuwa tayari na barua mbili za onyo, moja ikihusu uji niliomwaga juu ya miksa ya sauti. Madam aliniangalia, akasema, "Omollo, mimi natoka Novemba. Wewe utaenda wapi?" Siku ile ya daftari nilikuwa nimesimama mlangoni nikikunja waya ambao ulikuwa tayari umekunjwa. Niliyasoma yale maneno kwenye kioo, nikaendelea kukunja.

Jumanne iliyopita nilikwenda kumwona Ochola shuleni kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Miezi mitano, Omollo?" akasema. "Na kila siku tunapeana mkono." Ameagiza nakala zitakazofuata zichapishwe zikiwa na jina la Madam. Shiko naye nimemweleza, akaniambia atanijibu baada ya sherehe ya kumuaga Madam.

Lakini zile mia tatu za kwanza ziko majumbani mwa watu, na nyuma ya jalada, mahali pa jina lake, pako peupe. Hizo siwezi kuzikusanya.

Madam Munyiva, sisi sote wa Mwangwi tunakuombea siku ndefu na masikio mazima. Ile sauti niliifuta mimi.