Waliopatana Sikuwahesabu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Wale wa mabenchi ya nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe! Haya, sasa tuko pamoja.

Minye ni Mama Riziki wa Nyamianda, hapa kwetu Uvira. Niko sekretere wa chama cha wamotari, wale munaopanda pikipiki zao kila siku. Kazi yangu ni kuandika aksida, zile ajali za barabarani, katika kaye, daftari ya chama. Kila mwaka tunakutana na wamotari wa ng'ambo, Burundi. Kila upande unasoma wafu wake wa barabarani, tunalinganisha nchi na nchi, nani analinda watu wake vizuri. Na kila mwaka tulikuwa wa kwanza! Nilijivuna, weee! Nilimuambia sekretere wao, mzee mumoja mupole, "Barabara zenu nzuri ni za nini, kama munaua hivyo?" Alicheka tu. Hata hapa mbele yenu nilimushukuru Mungu kwa zile hesabu.

Nilikuwa muongo, ndugu zangu. Sikilizeni.

Munajua desturi yetu. Motari akigonga muntu, na yule muntu akaokotwa akingali anahema, wazee wa pande mbili wanakaa, wanashikana mikono, wanakunywa pamoja, maneno yameisha. Minye naandika "wamepatana", nafunga ukurasa. Akifa kesho, akifa kisha wiki, hayo hayakunihusu, katika wafu simuhesabu. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa wanamufuata majeruhi siku makumi tatu, hospitali mpaka nyumbani. Nilijua! Niliona wanajitafutia aibu. Na wamama wa Mulongwe walipoomba dodani, yale matuta ya kupunguza mwendo, tuliwajibu kwamba Uvira iko salama, kaye inasema.

Basi mwaka huu, mwezi mumoja mbele ya mukutano, bwana yangu, Baba Riziki, alikuwa anavuka pale Mulongwe na mufuko wa unga begani. Pikipiki ikamugonga. Nilifika nikamukuta anahema, ananitazama. Nikasema, asante Yesu, amepona.

Siku ya tatu yule motari akaja hospitali pamoja na wazee wake na wazee wetu. Akapiga magoti, analia. Shemeji yangu akaniambia, "Mama Riziki, mupe mukono, tumalize." Nikaunyoosha, nikausimamisha njiani. Pale ndani ni minye peke yangu niliyejua kitakachoandikwa kisha hapo. Ndipo Roho alinishika. Nikamushika yule motari mukono, nikasema, "Kusamehe, nimekusamehe kabisa. Lakini ukurasa wa bwana yangu sitaufunga."

"Weye unataka vita?" shemeji akauliza.

"Hapana. Nataka kumufuata siku makumi tatu, kama wale wa ng'ambo."

Siku ya tisa Baba Riziki akatutoka. Nililia, ndugu zangu, na mpaka leo nalia.

Tulipomaliza kilio, nikabeba kaye, nikaenda nyumba kwa nyumba kwa wote niliowaandika "wamepatana". Nilikuwa nauliza neno moja tu: mugonjwa wenu alipona? Kwingine alitoka mwenyewe na fimbo yake ya kutembelea, tukacheka naye. Kwingine walinipeleka nyuma ya nyumba, wakanionyesha kaburi. Mama mumoja alinifukuza. Alikuwa na haki.

Siku ya mukutano nikasoma yote. Prezida wa chama chetu alinivuta kitenge: "Mama, unatuvua nguo mbele ya wageni!" Nilisoma mpaka mwisho, na jina la Baba Riziki nikalisoma kwa sauti. Tulikuwa wa nyuma, tena mbali sana. Yule mzee wa Burundi hakucheka. Alisema, "Leo ndiyo mara ya kwanza tunalinganisha."

Prezida alininunia wiki mbili. Kisha wamotari wenyewe walibeba mawe, na dodani iko pale Mulongwe, nendeni muone. Aliyemugonga bwana yangu ndiye alifika wa kwanza na beleshi.

Namushukuru Mungu aliyenifungua kutoka uongo ule, maana niliuita baraka. Mutumainieni, ndugu zangu, hata pale ukweli unawaweka wa mwisho. Na kama kwenu kuna muntu aliyeokotwa barabarani akihema, mukapatana, kisha mukamuzika, nitakuwa pale mulangoni kisha ibada. Sitawauliza nani alikuwa na kosa. Niambieni tu jina lake.