Mifuko Minne ya Udongo

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda cha Fundi Viatu. Hapa hakuna kazi iliyowahi kutushinda, kwa sababu hakuna tuliyowahi kuianza. Mwezi uliopita afisa malisho alipitiwa na shetani gani sijui, akatuamini. Alitugawia mifuko minne, kila mtu na wake, tukachote udongo: juu miambani, mteremkoni, kando ya mto, na kule chini kabisa bondeni kwenye majani mabichi. Wafugaji wangehamisha ng'ombe kwa kufuata majibu. Jana ramani ikabandikwa ukutani kwake: bonde zima rangi moja, udongo mwekundu mgumu, ng'ombe wakanyage popote. Leo alfajiri wakaanza kuteremka. Wa bondeni ulikuwa mfuko wangu, na niliujaza nyuma ya kibanda, kwenye shimo la taka la Fundi. Niliona wenzangu ni watu wazima, watapanda mlima, na uongo mmoja utamezwa na kweli tatu.

Profesa, aliyepata cheo hicho kwa miwani tu, alikuwa wa kwanza kufungua kikao.

— Rangi moja bonde zima! Mnajua kwa nini? Haba na haba hujaza kibaba. Mvua imekuwa ikiteremsha udongo wa mlimani kidogo kidogo, sasa juu na chini ni kitu kimoja.

— Na mawe nayo yameteremka? akauliza Fundi, msumari mdomoni.

— Mawe ni udongo usio na haraka.

Tukanywa kahawa. Jambo zito kama hilo halimezwi kavu.

Injinia, ambaye kazi yake ni kuziba pancha za baiskeli, akatikisa kichwa.

— Profesa, mvua unaisingizia. Ni kwato. Ng'ombe akipanda anabeba udongo wa chini, akishuka anabeba wa juu. Miaka mia hivi, bonde limekorogwa kama uji. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Udongo wa juu ndio mgeni. Kunywa kahawa.

— Mimi nadhani ni joto, nikasema, maana kunyamaza kungenitia mashakani. Chini ya mlima kuna moto. Unachoma udongo wote unakuwa mwekundu, kama matofali.

Profesa akaniangalia kwa heshima ambayo sikuistahili hata kidogo.

— Mimi ninachoshangaa, akasema Fundi, ni shimo langu la taka. Linazidi kwenda chini, na mimi sijachimba.

Injinia akageuza kikombe mara mbili.

— Fuko hao, panya wachimbaji, akasema.

— Fuko wanatumia koleo?

— Fuko wa siku hizi, Fundi, usiwadharau.

Hapo akatokea Mama Pacha, anahema, matope yamempanda hadi kiunoni. Yeye na mumewe wana ng'ombe sita tu, na maziwa ya hao sita ndiyo yanayolisha nyumba.

— Shikamooni, shemeji zangu. Samahani kuwakatiza. Yupi kati yenu alichota udongo wa bondeni, kwenye yale majani mabichi?

Wakanitazama wote.

— Ni mimi, shemeji.

— Uliposimama pale kuchota, mguu ulizama mpaka wapi?

Nikamtazama Profesa, Profesa akaifuta miwani. Injinia alikuwa anasoma kikombe. Wote watatu walijua jibu langu, kwa kuwa lilikuwa lao pia.

— Na mimi nilichota hapo nyuma, akasema Fundi taratibu. Kidogo tu.

Hakuna aliyecheka. Niliona aibu ikinipanda mpaka masikioni.

— Ng'ombe wetu mkubwa amezama mpaka tumboni, akasema Mama Pacha. Mume wangu ameshika kamba peke yake. Sikuja kugombana. Nimekuja kuomba huo ubao mliokalia, tumwekee chini ya kifua.

Tukasimama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa ubao ule kuliona jua upande wa juu. Tuliubeba wanne, njia nzima hatukutoa nadharia hata moja.

Bondeni majani yalikuwa mabichi kweli, yanapendeza. Ng'ombe alikuwa ametulia kwa namna ya kutisha, pua tu ndiyo inafanya kazi. Nilikuwa mbele, nikapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaondoka na kiatu changu.

— Mpaka gotini, shemeji, nikamwambia.

Akanipa kamba.