Rupia Haioti

Ndugu zangu, hamjambo. Nimeambiwa nina dakika kumi, na aliyenipa dakika hizo si mwenyekiti, ni mke wangu. Nikizidisha, mjue nani ataninyamazisha.

Najua mnachongoja. Mnaniona Muhindi, mwataka ushuhuda wa biashara, nilianza kwa kuuza peremende nikaishia na maghala. Sina huo. Mimi duka nililirithi likiwa zima nikalifunga kwa mkono wangu. Na kwa kuwa hiki ni kikao cha wanandoa, nitawasimulia vile nilivyokaribia kumpoteza mke kwa sababu ya muhogo. Chekeni tu, chekeni. Siku zile hakukuwa na wa kucheka.

Nilizaliwa hapa hapa Magongo. Nililelewa na babu yangu nyuma ya duka la vitambaa, na babu alikuwa na amri moja nyumbani: hakuna mtu wa nyumba yake atakayetia mbegu ardhini. Si utani. Hata mrihani wa ibada, nyanya yangu aliupanda kwenye kopo, na kopo likawekwa mezani lisiguse mchanga.

Nilipokuwa mkubwa kidogo nikauliza sababu, naye akanisimulia. Kwao Gujarati, kule India, babake alikuwa mkulima wa mawele na mbaazi. Zamani, mtawala alichukua fungu lake pale pale penye mavuno. Lundo likiwa kubwa, achukua kikubwa. Likiwa dogo, achukua kidogo. Hakuwa mtu mwema, lakini angalau njaa mliigawana. Kisha Mwingereza akaja akapima shamba, akaandika kodi, na kodi yake aliitaka kwa fedha, siku aliyoipanga yeye, mvua inyeshe isinyeshe. Sasa mawele ni ya kula, hayana bei. Baba wa babu akaacha mawele akapanda pamba apate fedha, na chakula akawa ananunua sokoni. Yeye mkulima, jamani, anunua chakula! Mwaka mvua ilipokosekana pamba ikafa, na ndani hamna hata punje. Akaenda kwa mkopeshaji. Haikupita miaka mingi shamba likawa la mkopeshaji, na mzee akawa analilima kwa ujira, shamba lile lile, nyuma ya ng'ombe wasio wake.

Babu alikuwa kijana. Kila asubuhi alimwona babake akiomba ruhusa ya kuingia shambani alikozaliwa. Alipochoka kuona akapanda meli akaja Mombasa, na amri yake akaja nayo. "Ardhi ina meno," alikuwa akituambia, nasi tukaamini.

Sasa mimi. Barabara ilipopanuliwa, duka letu likabaki pembeni na wateja wakapotea. Nikafunga. Sikulewa, ndugu zangu. Afadhali ningelewa, watu wangepata cha kulaumu. Mimi nilikaa. Nilikaa kitini karibu mwaka mzima, nimenuna, namtuma mke sokoni mkono mtupu, na chakula kikija mezani siulizi kimetoka wapi. Wanaume wenzangu, mwaniangalia hivyo kwa nini? Wapo hapa wanaokijua kiti hicho.

Mke wangu ni Mrabai, mtoto wa wakulima. Siku moja akaniletea muhogo wa nazi, laini, mtamu, nikala mpaka nikakumbuka kusifu. Nikamwambia, "Muhogo huu ni mzuri. Umeununua wapi?"

Akacheka kwa furaha. "Sikuununua, baba watoto. Ni wa hapo nyuma ya nyumba."

Miezi yote ile muhogo umekua hatua tano kutoka kwenye kiti changu, nami sikuwahi kufungua mlango wa nyuma. Kwa mwenye akili, hapo ndipo pa kumshukuru Mungu na mke. Mimi niliona amri ya babu imevunjwa, nikainuka sahani ikiwa nusu, nikatoka nje, nikang'oa vyote. Muhogo, kunde, mchicha. Huku nang'oa, namtupia maneno ambayo sitayarudia mbele ya watu wazima. Mengine yalikuwa juu ya kabila lake, kwamba wao ndio walioumbiwa kuchimba mchanga. Nayaonea haya mpaka leo.

Hakulia. Alifunga nguo zake kwenye leso, akenda zake Rabai kwa mamake.

Nilimngoja wiki tatu nikidhani hasira itapoa. Haikupoa. Watoto wetu, wote wana nyumba zao, wakaacha kupokea simu zangu. Nikala mkate mkavu kwa chai ya rangi, nikitazama mlango ule wa nyuma. Siku ya ishirini na mbili nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda Rabai.

Mnajua mkwe na mama mkwe huku kwetu, heshima yake ni kubwa, hawatazamani usoni. Nikasimama uani nimeinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu akiuangalia mlango. "Umekuja kufanya nini, baba?"

"Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Uling'oa mashina mangapi?"

"Sikuhesabu, mama."

"Basi utapanda mpaka nikwambie basi." Akaniletea jembe.

Mtu wa miaka hamsini na saba, sijawahi kushika mpini! Siku mbili nililima, viganja vikafanya malengelenge, na majirani wapitao njia wakisimama kutazama. Mmoja akapaza sauti, "Mvua mwaka huu haina budi kunyesha, Muhindi amelima!" Mke wangu alikuwa akinipakulia chakula na kuondoka. Salamu hakuna, jicho hakuna. Usiombe, ndugu yangu, unyamaziwe na mtu unayempenda.

Siku ya tatu nikapewa mbegu. Mbegu ya muhogo, kwa wale wa dukani kama mimi, ni vipande vya mti wake. Nikavipanda kwa mstari ulionyooka kama kitambaa kilichokatwa vizuri. Nikajisifu moyoni. Mama mkwe akaja kukagua. Akainama, akatazama kipande kimoja, akatazama cha pili, kisha akasahau adabu zote akanikazia macho usoni.

"Mwanangu! Umevipanda vyote kichwa chini!"

Alicheka mpaka akaketi juu ya tuta. Mke wangu akatoka jikoni mbio, akidhani mamake amepatwa na jambo. Alipoona, akaziba mdomo kwa leso, lakini kicheko kikampita. Wallahi, sijapata kufurahi hivyo kwa kuchekwa.

Mchana ule tukala pamoja, na kwa mara ya kwanza nikawaeleza habari za babu na amri yake, kwa nini mkono wangu haujui mbegu iangalie wapi. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho.

"Hata babu yangu walimfanyia vivyo hivyo," akasema. "Ghala lake lilijaa mahindi mpaka juu. Akaja mtu wa kodi ya kibanda, kila nyumba ilipe. Babu akampa mahindi. Hayataki. Ataka rupia. Na rupia haioti, mwanangu. Ikambidi ateremke Mombasa kubeba mizigo, na shamba huku likamea magugu."

Tonge likanisimama mkononi. "Alitaka nini, mama?"

"Rupia. Si ndizo pesa za wakati huo?"

Ndugu zangu, nililirudisha tonge sahanini. Rupia ni pesa ya India! Kumbe Mwingereza alipoishika pwani hii alikuja na pesa ile ile. Baba wa babu yangu kule, na babu wa mama mkwe wangu huku, watu wasiojuana hata kwa ndoto, walitolewa mashambani mwao kwa sarafu moja. Nami nimeoa katika nyumba hiyo, kisha namtukania mke wangu ukulima.

Mama mkwe akaniuliza, "Sasa hapo kosa la shamba lenu lilikuwa nini?"

Nikasema babu alituambia ardhi ina meno.

"Meno yalikuwa ya kodi. Shamba mvua ikija hukupa, isipokuja hukaa na njaa pamoja nawe. Sisi tulipopata pumzi tulirudi kulima. Nyinyi mlikimbia hata mkasahau mwakimbia nini." Halafu akanisukumia kata ya maji. "Kunywa, uende ukaugeuze ule muhogo."

Nikaenda. Nilikuwa nimeanza mwanzo wa mstari, nageuza kipande kimoja kimoja, nikasikia mtu upande wa pili. Mke wangu alikuwa amepiga magoti mwisho wa mstari, naye anageuza, akija upande wangu. Tulipokutana katikati akaniambia, "Una mchanga kwenye nyusi." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu aondoke.

Muhogo ulipochipua tulirudi Magongo pamoja. Sasa kila wiki tuko Rabai, na mwaka huu tumeongeza mbaazi. Duka sikulifungua tena.

Namshukuru mama mkwe, yule pale, kajifunika leso kwa haya. Nawashukuru nyinyi mlionikaribisha kikundini bila kuniuliza nilifanya nini. Na kama kuna funzo, ni hili: amri uliyoikuta nyumbani, iulize ilianzia wapi kabla hujamwangushia mwenzio. Mimi nilimwadhibu mke wangu kwa kodi aliyotozwa baba wa babu yangu, katika nchi ambayo mke wangu hajaiona.

Jambo moja bado. Nimelima, nimepalilia, nimebeba magunia, lakini neno lenyewe sijalisema, hadi leo. Nilidhani jembe limenisemea. Mama watoto, simama kidogo, tafadhali. Mbele ya hawa wote: nilikosa. Nilikosa kwa mkono na nikakosa kwa ulimi. Nisamehe.

Hapana, ndugu zangu, msipige makofi. Hajajibu.